Kompyuta mkweche, advansi ya mzee wa Gerezani na vita ya karakana za programu

MSOMAJI wangu, hebu niambie ukweli, umewahi kula advansi ya mtu halafu kazi ikagoma? Kama bado, mshukuru Mungu. Mimi yamenikuta, na wiki hii nakumegea mkasa wenyewe, maana najua wapo vijana kibao hapa mjini walio njiani kutumbukia kwenye shimo hilo hilo.

Wanaofuatilia safu hii wanajua kwamba baada ya kidato cha nne sikubahatika kuendelea. Nikajitosa kwenye kuandika makala, na mshiko wa makala (mhariri wangu anajua ulivyo, tuyaache hayo!) nikawa naununulia bando la usiku ili nijifunze kuandika programu za kompyuta. Mwalimu sina. Nina video za bure na laptopu moja mkweche niliyoinunua mtumba Kariakoo, RAM gigabaiti 4, diski ya kuzunguka, ile ambayo ukiiwasha unaweza kwenda kuoga, ukarudi, ukajipaka mafuta, ndiyo kwanza inakukaribisha.

Basi bwana, siku moja nikaitwa na mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya magari kule Gerezani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Nasikia wewe fundi wa kompyuta?"

Mtoto wa mjini hakatai kazi. Nikaitikia ndiyo, tena kwa kifua. Mzee akanieleza shida yake. Vijana wake wanauza, daftari linasema hivi, shelfu linasema vile. Filta za oili kwenye daftari ziko 40, ukizihesabu unapata 31. Anataka programu ya kuingiza mali na kutoa mali, jioni aone kilichobaki. Tukapatana laki nne. Akanihesabia laki moja na nusu mkononi na kunipa siku kumi.

"Siku ya kumi na moja napanda ndege kwenda Dubai kufuata mzigo," akasema. "Kabla sijaondoka nataka nijue nina nini na sina nini. Usiniangushe, mwanangu."

Niliondoka pale natembea kama nimeokota almasi Mwadui. Nikapita kijiweni kwetu kutoa taarifa, na hapo ndipo kasheshe lilipoanzia.

KIJIWENI NI KAMA SIMBA NA YANGA

Kijiwe chetu kina washikaji watano wanaojua kuandika programu, au wanaosema wanajua. Kila mmoja ana timu yake. Wa kwanza ni mtu wa Java, haambiliki kuhusu IntelliJ IDEA. Wa pili yuko chuo, yeye Visual Studio na C#, basi. Wa tatu anakuambia dunia nzima imehamia VS Code, kama hujahamia wewe ni wa enzi za mkoloni. Wa nne ana NetBeans tangu siku ya kwanza na hataki kuondoka. Wa tano huwa anabisha tu, hata kama hajaulizwa.

Wanachobishania, msomaji, ni kitu ambacho wenyewe wanakiita kwa kifupi IDE. Mimi nakiita karakana. Fikiria gereji. Kuna meza ya kazi, spana, taa ya kumulika chini ya gari na jeki, vyote chini ya paa moja. Mwandika programu naye anahitaji edita ya kuandikia, kompaila ya kugeuza alichoandika kiwe kitu ambacho mashine inaelewa, na dibaga ya kumulikia kosa limejificha wapi. Zamani vitu hivi vilikaa mbalimbali. Unaandika huku, unafunga, unafungua kompaila kule, inakutukana, unarudi kuandika. Siku imekwisha!

Aliyetikisa mambo ni kampuni ya Borland ya Marekani, mwaka 1983, ilipotoa Turbo Pascal. Edita na kompaila humo humo, ukibonyeza tu inakubali au inakupeleka kwenye mstari wenye kosa. Bei yake ilikuwa dola 49.95 wakati kompaila za wengine ziliuzwa kwa mamia ya dola. Toleo lake la tatu, mzigo mzima, halikufika hata kilobaiti 40! Leo picha moja ya demu wako kwenye simu inaizidi mara nyingi. Kompaila hiyo iliandikwa na jamaa mmoja wa Denmark, Anders Hejlsberg. Lishike jina hilo, nitalirudia.

Nilipowaeleza washikaji kazi ya mzee, wote walikubaliana kitu kimoja kwa mara ya kwanza tangu niwafahamu. "Piga programu ya simu," wakasema. "Mzee aione kwenye kiganja. Android Studio, mwanangu!" Na mimi kwa ubishoo wangu nikaona ndiyo. Nani asingependa kutembea mjini anasema, "Nimetengeneza programu ya simu"?

SIKU SITA ZILIZOPOTEA

Android Studio yenyewe ni mashine kubwa. Google waliitangaza mwaka 2013, toleo la kwanza kamili likatoka Desemba 2014, na imejengwa juu ya ile ile IntelliJ IDEA ya Wacheki. Kwa kazi yake haina mpinzani. Ina sehemu ya kuchorea sura ya programu, ina simu bandia ndani ya kompyuta ya kufanyia majaribio, inakuonya kosa kabla hujamaliza kulitenda. Matatizo yangu hayakutoka kwake, yalitoka kwangu. Kwenye maelezo yao imeandikwa wazi kwamba inataka RAM ya gigabaiti 8 kwa uchache, na ukitaka kuendesha na ile simu bandia, 16. Mimi ninazo 4. Nilisoma, nikajifanya sijaona.

Siku ya kwanza na ya pili nilikuwa naishusha kutoka kwenye intaneti. Si faili moja, ikimaliza hiyo inadai nyingine, ukiishusha hiyo nayo ina ndugu zake. Bando likakata saa nane usiku ikiwa imebaki kidogo tu. Nikachomoa elfu kumi kwenye ile advansi. Siku ya tatu ikaingia. Nikaifungua. Feni ya laptopu ikaanza kulia kama bajaji inapandisha mlima Kimara. Nikaandika herufi moja, nikasubiri, ikatokea. Kubonyeza kitufe cha kujenga programu ilikuwa sawa na kuagiza pilau ya harusi, unajua itakuja ila hujui saa ngapi.

Siku ya nne, ya tano, ya sita, hivyo hivyo. Kati ya laki moja na nusu ilibaki elfu sabini na kitu, na programu ya mzee ilikuwa na kitufe kimoja chenye maneno "Ingiza Mali" ambacho ukikibonyeza hakuna kinachoingia. Usiku wa siku ya sita, msomaji, nilifikiria kuzima simu na kuingia mitini. Nasema ukweli. Nilishapanga hata kituo cha kupandia basi.

Kilichoniokoa ni dada mmoja mpangaji mwenzetu, mhasibu kwenye kampuni moja ya mizigo. Alinikuta nimekaa barazani nimeshika tama.

"Vipi mdogo wangu, umefiwa?"

Nikamwaga yote. Akasikiliza hadi mwisho, halafu akauliza swali moja ambalo hakuna mshikaji hata mmoja kijiweni aliyeliuliza, na mimi mwenyewe sikuliuliza.

"Huyo mzee dukani kwake ana nini, simu ya kisasa au kompyuta?"

Nikakumbuka. Mezani kwa mzee kuna kompyuta ya Windows, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Na mfukoni mzee ana kisimu cha tochi!

Dada akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe yeye ofisini kwao anaandika vijiprogramu vya kulinganisha ankara, kwa lugha ya Python. Akaingia ndani, akatoka na flashi. "Weka hii. Haifiki megabaiti 50."

Ilikuwa Thonny. Sikuwahi kuisikia. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, huko Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Inakuja na Python yake ndani, huhangaiki kutafuta kingine. Na Python nayo inakuja na mkoba wake, ndani yake kuna SQLite ya kutunzia kumbukumbu za mali na kitu kinaitwa tkinter cha kuchorea madirisha na vitufe. Laptopu yangu ilipoifungua haikukohoa hata kidogo. Usiku ule ule kitufe cha "Ingiza Mali" kikaingiza mali.

Hapa msomaji unaweza kudhani nitakwambia Thonny ndiyo bingwa na hao wengine wote wazushi. Ngoja kwanza.

KOSA LA SAA TISA USIKU

Siku ya tisa nikawa najaribu programu nzima. Nikaiingizia plagi 9. Nikajaribu kuuza plagi 10, nione kama itanikatalia. Ikakubali! Stoo ikasoma plagi hasi moja. Ebwana eh, jasho lilinitoka. Mzee anatafuta mwizi wa filta, mimi nampelekea programu inayouza mali isiyokuwepo.

Nikaiendesha kwa dibaga ya Thonny, hatua kwa hatua, mstari mmoja mmoja, huku pembeni kuna kidirisha kinachoonyesha kila kitu kina thamani gani. Hii ndiyo sifa yake kubwa, inamulika mpaka hesabu ndogo ndani ya mstari. Saa tisa usiku nikaona. Ile 9 ilikuwa na alama za kunukuu. Maana yake haikuwa namba, ilikuwa maandishi. Na kwa kompyuta, ukilinganisha maandishi, "9" ni kubwa kuliko "10", kwa sababu inaangalia herufi ya kwanza tu, kama kwenye kamusi, na 9 inakuja baada ya 1. Nikabadilisha iwe namba, kazi ikaisha.

Kesho yake yule mtu wa Java kijiweni nilipomsimulia alinicheka kwa dharau, na safari hii alikuwa na haki. Kwenye Java huwezi hata kidogo kulinganisha maandishi kwa alama ya kubwa-kuliko. Ungeandika hivyo, IntelliJ ingekupigia mstari mwekundu hapo hapo kabla hujaendesha chochote. Mimi nilisubiri hadi plagi ziwe hasi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ubishi wa kijiweni ulikuwa nusu tu. Watu wanalinganisha karakana kama wanalinganisha viatu, wakati karakana inafuata lugha. Java na C# zinakulazimisha useme mapema kila kitu ni cha aina gani: hii namba, haya maandishi, hii orodha. Kwa hiyo karakana yake inajua kila kitu kabla gari halijawashwa. Ukiandika jina na nukta, inakuorodheshea yanayowezekana. Ukitaka kubadili jina lililotajwa mahali sitini, linabadilika kote kwa mara moja bila kuharibu. Python haikulazimishi. Unaandika upesi, unafurahi, lakini karakana inabaki kubahatisha, na hata PyCharm ambayo ni kubwa na nzuri, ya mwaka 2010, kuna mahali inakisia tu. Tangu 2015 Python inakuruhusu kuandika aina ukipenda, na ukiandika, karakana inaona vizuri zaidi. Mimi sikuandika. Nilikuwa na haraka.

Ndiyo maana kwenye Java karakana zimekuwa nyingi na zina nguvu za kutisha. NetBeans ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi huko Prague, ikanunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 1999, leo iko chini ya Apache na ni ya bure. Ukitaka kuchora madirisha kwa kuburuta vitufe, yule mshikaji wa nne hakosei kuing'ang'ania. Eclipse ilitolewa bure na IBM mwaka 2001, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mfalme. Unaweza kuichomekea vitu vya kila aina, na ndilo tatizo lake, ukichomeka sana inageuka kuwa daladala la saa kumi na mbili jioni. IntelliJ IDEA nayo ni ya 2001, kampuni yake JetBrains ilianzishia kazi Prague pia. Hiyo Prague wanakula nini? Kwa maoni yangu kwa Java IntelliJ inawaacha wenzake mbali, ila nayo inataka RAM, usije ukaiweka kwenye mkweche kama wangu halafu ukalaumu wachawi.

Visual Studio ya Microsoft, iliyoanza 1997, ni ya Windows, na tangu 2014 lipo toleo la bure la wanafunzi na vikundi vidogo. Kwa C# utatafuta sana kinachoizidi dibaga yake. Lakini inakula diski kama mchwa. Xcode ya Apple, ya kutengenezea programu za iPhone, yenyewe ni bure, ila lazima uwe na kompyuta ya Mac. Hiyo ni sawa na kuambiwa chakula bure ila kijiko ununue milioni. Tupite.

Sasa VS Code, ile ya mshikaji wa tatu. Watu wanaichanganya na Visual Studio kwa sababu ya jina, lakini ni mtoto mwingine kabisa. Ilitangazwa mwaka 2015, ni edita nyepesi ambayo unaichomekea lugha unayotaka mpaka inakuwa karakana. Aliyeongoza kuijenga ni Erich Gamma wa Uswisi, ambaye kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waliojenga Eclipse. Jamaa alijua maradhi ya nyumba ya kwanza alipokwenda kujenga ya pili.

Ujanja wao mkubwa ulikuja 2016. Unakumbuka enzi kila simu ina chaja yake, pini nyembamba, pini nene, ukisahau yako nyumbani umeumia? Karakana zilikuwa hivyo. Kila edita ilibidi iandikiwe upya akili ya kila lugha. Microsoft na wenzake wakatoa utaratibu mmoja, kwamba akili ya lugha ikae pembeni kama programu inayojitegemea, na edita yoyote iweze kuongea nayo. Yaani chaja moja kwa simu zote. Toka hapo hata edita ndogo ya bure inaweza kukuonya makosa ya Python, Go au Rust kama mkubwa.

Na lile jina nililokwambia ulishike, Hejlsberg? Alihamia Microsoft mwaka 1996, akaongoza kutengeneza C#, halafu TypeScript iliyotolewa 2012, ambayo ni JavaScript iliyopewa aina za vitu ili karakana iweze kuona. VS Code yenyewe imeandikwa kwa TypeScript. Kutoka kilobaiti 40 hadi huko, mtu mmoja.

Kwenye laptopu yangu VS Code inafunguka, ila ukichomeka vitu vinne vitano feni inaanza nyimbo. Kuhusu hawa wasaidizi wa akili bandia wanaokumalizia mistari, kama Copilot iliyoanza kuonekana 2021, nimewajaribu kwa dada. Wanasaidia. Ila bando likikata na akili imekata, na usiku wangu mimi bando hukata. Kwa asiye na kompyuta kabisa, kuna Pydroid 3 ya kwenye simu ya Android. Kidole kitauma lakini Python utajifunza.

SIKU YA KUMI

Nilifika Gerezani saa tatu asubuhi. Mzee akatoa kitambaa cha kufuma, akakikunja taratibu kama bendera. Nikaweka programu, nikamwonyesha. Yeye na mpwa wake wakaanza kuhesabu shelfu kwa shelfu, mimi nikiingiza. Tulimaliza saa kumi jioni bila kula. Filta za oili hazikuwa hata 31, zilikuwa 28. Mzee akamtazama mpwa wake muda mrefu bila kusema neno. Mimi nikajifanya naangalia kibodi.

Kisha akajaribu mwenyewe kuuza plagi zaidi ya zilizopo. Programu ikakataa. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Alinipa laki mbili. Elfu hamsini akabaki nayo, akasema atanipa akirudi Dubai kama programu itakuwa bado hai. Alirudi baada ya wiki mbili, ikawa hai, akanipa. Tena alirudi na simu mpya, kioo kikubwa, ya Android, akaiweka mezani mbele yangu.

"Kijana, ile programu sasa nataka niione humu, hata nikiwa safarini."

Jumamosi iliyopita nikaifungua laptopu kwa bisibisi kuangalia kama inaweza kuongezwa RAM. Ina tundu moja tu, na fundi wa Kariakoo anasema mwisho wake ni gigabaiti 8. Dada ameniruhusu kutumia kompyuta yake jioni, akitoka kazini, saa mbili hadi saa nne. Mzee alitaka kunipa advansi pale pale, ameshaanza kuhesabu noti. Nimemwambia akae nayo kwanza.